KISU KIDOGO CHA SHINGONI: TAZAMA KAMBA KWANZA, KISU BAADAYE



Kazi nyingi za mji wetu wa Kampala hazifanyiki bila kisu kidogo. Mchukuzi wa Kikuubo hukata kamba za magunia na kanda za katoni tangu duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Mama anayemenya matooke katika soko la Kalerwe au Nakasero hushika kisu kutwa nzima. Fundi viatu wa Owino hukata ngozi na mpira, na mtunza bustani hukata miche na kamba za kufungia. Wote hawa wana swali moja: kisu kikae wapi wakati mikono ina kazi nyingine?

Wengi wetu hukitia mfukoni bila ala, kikatoboa suruali na paja. Wengine hukichomeka kwenye gunia, wakakisahau, kisha mwenzao akaja kulibeba gunia lile kwa mgongo. Wengine hukishika kwa meno. Mama aliyevaa gomesi au kitenge hana mfuko wa suruali wala mkanda wa ngozi, basi hukilaza kisu juu ya maganda, na jioni kikatupwa pamoja na taka au kikamkata mfagiaji.

Kwa sababu hiyo wako wanaopenda kukivaa kisu shingoni, ndani ya ala inayoning'inia kifuani kwa kamba. Mpango huu una faida. Mkono wowote, wa kulia au wa kushoto, unakifikia. Aliyekaa, aliyesimama na aliyevaa aproni wote wanakipata bila kutafuta. Lakini inafaa tukumbuke jambo moja kabla ya kwenda dukani: shingo si kiuno. Kitu kikinaswa kiunoni, mtu huyumba. Kamba ikinaswa shingoni na isikatike, mtu hunyongwa. Hivyo basi anayechagua kisu cha shingoni hana budi kuanza na kamba na ala, ndipo afikirie chuma na makali.

DESTURI SI NGENI

Kuvaa kisu mwilini si jambo lililoletwa na maduka. Katika Karamoja, na kwa ndugu zao Waturkana wa Kenya, kilijulikana kisu cha duara kinachovaliwa kama bangili mkononi. Makali yake yako upande wa nje, na hufunikwa kwa ukanda wa ngozi usioondolewa ila wakati wa kazi. Waturkana wanakiita abarait. Huko Sudan wako watu wanaofunga kisu kwenye mkono juu ya kiwiko. Waomani huvaa khanjari kiunoni, mbele, na khanjari hiyo imewekwa hata kwenye bendera yao.

Ukiwatazama wote hawa utaona wanapatana katika mambo mawili. Kisu kina mahali pake pamoja pasipobadilika, na makali hayaonekani mpaka yatakapotakiwa. Kwa kisu chetu cha kazini hatuhitaji kanuni nyingine zaidi ya hizo mbili.

UKUBWA NA UMBO

Kisu cha shingoni kikiwa kikubwa kitaachwa nyumbani baada ya siku tatu. Yafuatayo ni makadirio yanayofaa:

Kwanza, urefu wa makali usizidi sentimita 7, na kwa kazi nyingi sentimita 5 zinatosha. Kamba ya katani, kanda ya katoni, ganda la ndizi na uzi wa gunia havihitaji zaidi ya hapo.

Pili, unene wa mgongo wa kisu uwe milimita 2 mpaka 3. Kisu kinene zaidi kinapasua badala ya kukata, na kinaongeza uzito bure.

Tatu, mpini uenee vidole vitatu, na kidole gumba kipate pa kukaa juu ya mgongo wa kisu. Ushike kwa nguvu, kisha zungusha mkono kama unayemenya, mara ishirini. Mahali panapokuuma baada ya mara hizo ishirini ndipo patakapotoka lengelenge baada ya saa mbili za kazi. Kona za mpini ziwe zimeviringwa, na pale mpini unapokutana na makali pawe na kishimo au kinundu cha kuzuia kidole kisiteleze.

Nne, uzito wote, pamoja na ala na kamba, usipite gramu 100, yaani karibu sawa na kipande kidogo cha sabuni ya kuogea. Omba kupima kwenye mizani ya muuza viungo, hatakukatalia. Kilicho kizito zaidi kitakuchosha shingo na kitagonga kifua kila unapoinama.

Tano, kama kazi yako ni kukata kamba na magunia, chagua kisu chenye ncha butu. Ncha kali ina faida kwa anayechokonoa jicho la kiazi au doa la ndizi, lakini kwa mchukuzi huishia kutoboa unga wa watu na kiganja chake mwenyewe.

Wengine watauliza: kwa nini tusinunue kisu cha kukunja? Kisu cha kukunja kisicho na kufuli hujifunga juu ya vidole unapokikandamiza, na bawaba yake hujaa utomvu wa matooke na vumbi mpaka hakifunguki. Kwa kazi za sokoni, kisu kisichokunjika ndani ya ala nzuri ni salama zaidi na husafishika kwa urahisi.

CHUMA: MWULIZE FUNDI WA KATWE

Mafundi wa Katwe wanajulikana tangu zamani kwa kugeuza chuma chakavu kuwa chombo cha kazi, na kisu kidogo ni kazi wanayoiweza. Lakini mnunuzi anapaswa kujua la kuuliza.

"Fundi, hiki umekifua kutoka chuma gani?"

"Springi ya lori, mama."

"Na matiko umetia?"

Hilo swali la pili ndilo muhimu. Springi ya gari ni chuma kizuri, na hata kipande cha msumeno wa kukatia chuma chaweza kuwa kisu, lakini bila matiko makali yatapinda kama ya bati. Matiko yana hatua mbili. Katika ya kwanza fundi hupasha chuma moto hadi kiwe chekundu na sumaku isikishike tena, kisha hukichovya katika mafuta. Hapo chuma kimekuwa kigumu, lakini kinavunjika kama kioo. Katika hatua ya pili hukipasha tena polepole, kiasi cha digrii 200 hivi, mpaka uso wake uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu. Fundi anayeishia hatua ya kwanza anauza kisu kitakachovunjika ncha siku ya kwanza. Na anayenoa kwa mashine bila kupoza kwa maji mpaka makali yakageuka rangi ya buluu ameshayaondolea ugumu wake.

Kujaribu ni rahisi. Pitisha tupa taratibu kwenye makali. Ikiteleza kidogo, chuma ni kigumu. Ikiuma kama inavyouma msumari, matiko hayapo. Kwa visu vya dukani vinavyosemwa havishiki kutu, usidanganywe na sumaku: aina nyingi za chuma hicho zinazofanyiwa visu hushikwa na sumaku vilevile.

Usimwagize fundi yasiyowezekana. Baganda wana hadithi ya Walukagga mhunzi, aliyeamriwa na mfalme afue mtu wa chuma aliye hai. Anayetaka kisu chembamba kama wembe, ambacho pia kitafungua vifuniko vya makopo na kung'oa misumari, ameanza kufanana na mfalme huyo. Kisu kidogo ni cha kukata tu.

Kumbuka pia kwamba kisu cha shingoni hukaa karibu na jasho, na jasho lina chumvi. Chuma cha springi kitashika kutu usipokifuta kila jioni na kukipaka mafuta kidogo ya kupikia. Ule weusi unaoletwa na utomvu wa matooke si kutu, wala haukidhuru kisu. Kinachodhuru ni wekundu. Anayefanya kazi ya chakula, au asiyekuwa na nafasi ya kutunza chuma, anunue kisichoshika kutu, hata kama atakinoa kwenye kinoo mara nyingi zaidi.

ALA

Kisu cha shingoni huvaliwa mpini ukiwa chini. Ukivaliwa juu, kila unapokichomoa makali yanapanda kuelekea kidevuni. Lakini mpini ukiwa chini, kinachozuia kisu kisianguke mguuni ni ala peke yake. Kwa hiyo ijaribu ala kabla ya kulipa: igeuze juu chini juu ya gunia lililokunjwa, miguu yako ikiwa mbali, uitikise kwa nguvu mara ishirini. Kisu kikianguka hata mara moja, usiichukue.

Ala ya ngozi hupendeza na haipigi kelele, lakini hunywa jasho na utomvu, nayo haioshwi vizuri. Kwa mpishi na mwuza nyama, plastiki ngumu ni bora, kwa kuwa inaoshwa kwa sabuni na maji ya moto kila jioni. Fundi mwangalifu anaweza kuitengeneza kwa kipande cha bomba la maji la plastiki. Hulilainisha ndani ya maji yanayochemka, akavaa glavu nene, akalibana kati ya mbao mbili huku kisu kikiwa ndani, likapoa na kushika umbo lake. Asilichome kwa moto, kwa maana moshi wa plastiki hiyo ni sumu. Kwenye mwisho wa ala atoboe tundu dogo la kutolea maji.

Iko njia moja sahihi ya kuchomoa, na kila anayevaa aizoee: shika mpini kwa vidole, weka kidole gumba kwenye mdomo wa ala, usukume. Usivute kisu kwa nguvu kutoka kwenye kamba. Ukizoea kuvuta, utajikuta unataka kamba imara isiyokatika, na huko ndiko hatari iliko.

KAMBA

Hapa ndipo penye uhai wa mtu. Usitumie kamba ya naironi, wala ugwe wa kiatu, wala waya, wala ukanda wa ngozi nene. Vyote hivi vinaweza kubeba uzito wa mtu mzima bila kukatika. Kamba ya shingoni lazima iwe na mahali dhaifu palipowekwa kwa makusudi.

Njia mbili ni rahisi. Ya kwanza ni mkufu wa chembe ndogo za mviringo, kama ule ambao askari huvalia vibati vya majina. Ukivutwa kwa nguvu, kiungo chake huachia. Njia ya pili ni kukata kamba ya kawaida nyuma ya shingo, kisha kuziunga ncha zake mbili kwa uzi wa pamba wa kushonea, mizunguko michache tu. Siku ya balaa uzi utakatika kabla ya ngozi yako.

Usibahatishe idadi ya mizunguko, pima. Tundika kamba kwenye msumari uliopigwa imara, kiungo dhaifu kikiwa ubavuni kati ya msumari na chini. Ning'iniza jerikeni ndogo yenye lita 5 za maji, yaani kilo 5 hivi. Kiungo lazima kiachie. Kisha ning'iniza lita moja tu. Hapo kiungo kinapaswa kushika, kwa sababu kisu chenyewe hakifiki hata sehemu ya kumi ya uzito huo. Kipimo hiki kirudiwe kila mwezi, na kila kiungo kinapobadilishwa. Kamba ikikatika kazini, usiifunge fundo la naironi "kwa leo tu". Weka kisu mezani mpaka upate uzi wa kufaa.

Kuhusu urefu, ala iishie juu ya kitovu. Kamba ndefu hufanya kisu kibembee unapoinama, kikaingia katika sufuria ya mchuzi au kikagonga uso wa mtoto uliyembeba. Chomeka ala kati ya shati na aproni.

WASIOPASWA KUVAA KABISA

Wako wafanyakazi ambao kwao hakuna kamba salama, hata iliyopimwa kwa jerikeni:

– Wanaosimamia mashine zenye mikanda au sehemu zinazozunguka: mashine za kusaga mahindi, za kukereza chuma, za kutoboa, misumeno ya mbao, na vyerehani vya mota viwandani. Kwao shingo iwe tupu. Kanuni hii inahusu pia tai, leso, na kamba ya kitambulisho.

– Mafundi umeme. Mkufu wa chuma na kisu vinavyoning'inia kifuani mbele ya nyaya zenye moto ni kuita mauti.

– Waendesha boda boda wakiwa safarini. Anayeanguka kifudifudi huangukia kile kilicho kifuani mwake.

– Wanaopanda miti, nguzo na majukwaa ya ujenzi.

Hawa watumie ala ya kiunoni iliyofungwa vizuri, au mfuko wa vifaa, au kisu kikae kwenye meza ya kazi kikiwa na mahali pake. Si aibu kuacha kisu cha shingoni, wala si lazima kila mtu awe nacho.

NJIANI NA KWENYE MALANGO

Kisu cha shingoni ni chombo cha kazi. Kikiwa chini ya shati barabarani saa mbili usiku, askari hataona chombo cha kazi, ataona silaha iliyofichwa. Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda inalifanya kuwa kosa kutembea hadharani na silaha, bila sababu halali, kwa namna inayotia watu hofu. Tena tangu milipuko ya mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 hapa Kampala, tumezoea kupekuliwa kwenye milango ya maduka makubwa, mahoteli na nyumba za ibada. Anayekutwa na kisu shingoni atapoteza kisu, muda, na pengine usiku mzima kituoni.

Njia ya kujikinga ni nyepesi. Vaa unapoanza kazi, vua unapomaliza. Njiani kisu kikae ndani ya ala yake, ndani ya mfuko wa vifaa pamoja na aproni na vitu vingine vya kazi. Ukiulizwa, sema kwa upole kazi unayofanya na mahali unapofanyia. Usichague kisu chenye sura ya vita, rangi nyeusi ya kutisha na meno mgongoni. Mpini wa rangi angavu, mwekundu au wa manjano, hauogopeshi mtu, na ukianguka kwenye maganda unaonekana.

UKIKATWA

Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na damu ikitulia osha kwa maji safi na sabuni. Jeraha lenye kina, au kidole kisichohisi au kisichokunjika, ni la zahanati siku ileile. Uliza habari za chanjo ya pepopunda. Mama zetu huchanjwa wanapokuwa wajawazito, lakini wanaume wengi hawajachomwa sindano hiyo tangu utotoni, na vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, vitu visivyokosekana sokoni.

Kisha mjulishe msimamizi bila kuchelewa, mbele ya shahidi, na uhakikishe imeandikwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 humfanya mwajiri awajibike kwa jeraha linalotokana na kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Lakini aliyenyamaza kwa kuogopa kuitwa mzembe hujikuta baadaye akitakiwa kuthibitisha kwamba aliumia kazini. Ndugu zetu wanaojitegemea sokoni hawana mwajiri wa kumdai. Kwao kinga ni ala, kamba iliyopimwa, na umoja wa kuchangiana mwenzao anapolazwa.

LA KUFANYA

Tunawaomba wajumbe wa kila kamati ya kazi walete mambo matatu katika mkutano ujao. La kwanza: penye kazi ya kukata, kisu na ala vitolewe na mwajiri, visiwe mzigo wa mfanyakazi. La pili: asiruhusiwe mtu yeyote, awe kibarua au msimamizi, kukaribia mashine inayozunguka akiwa na kitu shingoni. La tatu: kamba zote zipimwe kwa jerikeni mara moja kila mwezi, mbele ya wote. Kazi hiyo haifiki hata nusu saa, na gharama yake ni lita 5 za maji.

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Basi tuwe na visu vikali, lakini kila mmoja wetu afike jioni mezani akiwa na vidole kumi na shingo nzima.